Kuchukua Malinois wa shelta hapa Arusha: nyota nne kwa kituo, kwa mbwa mwenyewe jipange

Kila nikiweka picha ya Shaba, mbwa wetu wa aina ya Malinois, stetasi lazima mtu aje, dada huyo mbwa umempata wapi, anauzwa shingapi, na mimi nataka mmoja wa kulinda. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti kwahiyo naandika mara moja, mtu akiuliza namtumia hii. Ni rivyu ya vitu viwili kwa pamoja, kituo cha mbwa walioachwa tulikomchukua na mbwa mwenyewe, sababu kiukweli huwezi kuvitenganisha, kituo kingekuwa cha hovyo halafu na mbwa ndio huyu tungeishia kumrudisha wiki ya kwanza. Jina la kituo silitaji maana nina ya kuwasema pia na ni watu wachache tu wanaojitolea, sitaki waanze kusumbuliwa.

Nianze na tulichokuwa tunakitaka. Mume wangu ni dereva wa utalii, hai sizoni ikianza akiingia Serengeti simuoni mpaka nisahau, na nyumba yetu iko Moshono ndani ndani huko, majirani wako mbali kidogo. Tukataka mbwa wa kulinda kama watu wote. Na kulinda kwa hapa kwetu tunajua wote maana yake, kibao cha MBWA MKALI getini, mbwa anashinda bandani mchana kutwa, saa moja usiku anafunguliwa, asubuhi anarudishwa, ugali na maji ya dagaa, basi. Mbwa wengi wa mji huu wanaishi hivyo na koko wengine wanavumilia tu maisha yanaenda. Malinois havumilii. Kama huna muda wa kusoma yote chukua hilo, mengine ni maelezo.

Kituo kiko nje ya mji, ukishuka barabara kubwa unachukua boda, na mvua ikinyesha usijaribu na gari dogo. Usitegemee mapokezi yenye masofa. Kuna harufu, kuna kelele, ukifika banda la kwanza tu wanabweka wote mpaka husikii unachoambiwa. Ila mimi hoteli huwa naipima kwa choo, na pale nikapima kwa maji: kila kopo lilikuwa na maji safi, sakafu imepigwa deki, na mbwa wagonjwa wako upande wao peke yao na kijana anayewahudumia ana buti zake za huko tu, haingii nazo kwa wazima. Nikamuuliza akasema ni kwa ajili ya parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuharisha damu, virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo hata mwaka na zaidi, ukivikanyaga umeshawapelekea watoto wa mbwa wote. Hapo nikajua hawa wanajua wanachofanya, sio wamekusanya tu mbwa wapige nao picha.

Sasa fomu. Jamani fomu ya pale ni ndefu kuliko ya mkopo benki. Unakaa kwako au umepanga, kama umepanga mwenye nyumba anajua? Ukuta una urefu gani, chini ya geti pana nafasi, nani anabaki nyumbani mchana, watoto wana umri gani, mnafuga kuku, mbuzi, mkisafiri mbwa anabaki na nani. Mimi nikawa najibu kwa mkato, akili yangu iko kwa yule wa rangi ya shaba mwenye uso mweusi, amesimama peke yake banda la mwisho, habweki, anatuangalia tu. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyemuona kwanza, huyu dogo ni mkimbiaji, kila mwaka anafukuzia Kilimanjaro Marathon, akasema dada huyu hapa ndiye.

Dada wa kituo akaacha kuandika.

"Dada, samahani, wewe unataka mlinzi au unataka mbwa?"

"Si ni kitu kilekile?"

"Sio. Walinzi ninao wawili pale, koko, wamezaliwa mtaani, usiku hawalali, ukiwapa ugali wanashukuru. Huyu ukimfungia siku mbili atakula mlango. Na sisemi kwa mfano, njoo uone."

Akatupeleka kuona ule mlango. Mbao zote chini zimetafunwa, wameshapigilia bati juu yake, na bati lenyewe lina alama za meno. Halafu akatueleza historia yote bila kuficha. Alikuja nchini na familia ya wageni, mkataba wa kazi ukaisha wakaondoka wakamwachia mtu, yule mtu akamweka bandani kwa staili ya mlinzi, mbwa akaanza kujizungusha akifukuza mkia wake mpaka ukatoka damu, akaletwa kituoni. Akachukuliwa na mtu mwingine, akarudishwa. Hilo la kurudishwa kama angekaa kimya nisingejua kamwe. Na kwangu mimi hapo ndipo nyota nyingi zilipotoka, sababu mfanyabiashara angesema huyu mbegu ya Ulaya, mbwa wa polisi, chukua upesi kuna mwingine anamtaka.

Hawakutupa siku hiyo. Walikuja nyumbani kwanza, wakazunguka ukuta wakiangalia wapi pana matofali ya kupandia, wakasema tanki la zamani lililoegemezwa ukutani litoke maana kwa huyu hiyo ni ngazi. Likatoka. Kisha tukapewa kwa majaribio kabla ya kusaini, na kwenye karatasi imeandikwa kabisa ukishindwa hakuna kumpa mtu wala kumuuza, unamrudisha kwao, saa yoyote, hata baada ya miaka. Mchango ulikuwa elfu themanini, na ndani yake ameshafungwa kizazi, ana chanjo ya kichaa cha mbwa, ana ile ya parvo na distempa, na dawa ya minyoo. Piga hesabu mwenyewe, operesheni peke yake kwa daktari wa mifugo mjini ni zaidi ya hapo. Madalali wa mbwa nilishatajiwa mpaka milioni kwa katoto ka Malinois kasichokuwa hata na kadi.

Haya, mbwa sasa.

Mzee wetu wa kulinda usiku ni Mmaasai, mtu mzima, maneno yake ya kuhesabu. Siku Shaba anashuka kwenye gari alimwangalia akizunguka uwanja, akasema, "Huyu si wa geti, mama. Huyu ni wa mifugo." Nikacheka kimoyomoyo, nikajua mzee hajui mambo ya mbwa wa kizungu. Baadaye ndio nasoma kumbe ni kweli tupu. Malinois kwao ni Ubelgiji, pande za Malines, walikuwa mbwa wa wachungaji wa kule. Mwaka 1891 profesa mmoja wa udaktari wa mifugo, Adolphe Reul, aliwakusanya pale Cureghem, Brussels, awaangalie vizuri, ndipo wakaja kupangwa aina nne kufuatana na manyoya, na huyu ndiye wa manyoya mafupi. Upolisi na ujeshi vimekuja juu ya uchungaji. Siku hizi wako kila mahali penye kazi ya hatari, yule Cairo aliyeingia na makomando wa Marekani kwenye nyumba ya Osama kule Abbottabad 2011 alikuwa Malinois, na hata hapa jirani Usa River wale African Wildlife Foundation, shirika la uhifadhi, wanafundisha mbwa wa kunusa meno ya tembo na pembe za faru wakafanye kazi viwanja vya ndege na bandarini, Malinois wamo. Yaani ni mbwa ambaye watu wamekaa zaidi ya miaka mia wakimchagua yule asiyechoka, anayezaa wasiochoka. Halafu wewe unataka ashinde bandani anaangalia nzi.

Mimi uchungaji wake niliuona kwa macho. Jioni huwa kuna vijana wanapitisha mbuzi barabara ya chini kuelekea kwao, siku hiyo niko naye na kamba fupi nimeizungusha mkononi mara mbili. Alivyowaona hakubweka. Alishuka, kichwa kikawa sawa na mgongo, mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani, masikio mbele, ute unaning'inia mdomoni na hata hataki kuumeza. Nikategemea atavuta kuwaendea moja kwa moja kama mbwa wengine, hapana, alikuwa anavuta kwa pembeni, anataka kuzunguka nyuma yao. Mbuzi mmoja akachepuka kuingia shamba la mahindi na Shaba akageuka naye palepale, kamba ikanikata kiganja. Kijana mwenye fimbo akasimama akasema "eh, mama, huyo anajua kazi." Anajua ndio, lakini simwachii ng'o, kujua kuzunguka mbuzi sio kujua kuacha kumng'ata, na mbuzi wa watu ni kesi. Kuku ndio usiseme, tulikuwa na kuku wa kienyeji, wamehamia kwa mama mkwe wote.

Enaji yake sasa. Saa kumi na moja alfajiri dogo anatoka naye njia za mashamba ya kahawa, wanapiga kilomita zao kabla jua halijawa kali, wanarudi dogo analala sakafuni, Shaba anakunywa maji anakaa mbele yako anakutazama, haya, kazi gani inafuata. Na hapa watu wengi wanaharibu, wanadhani dawa ni kumkimbiza zaidi. Ukimkimbiza zaidi unamjengea pumzi tu, mwezi ujao atataka mara mbili. Dada wa kituo ndiye alitufundisha habari ya pua, na hii ndiyo siri nampa kila mtu bure. Nimechukua kopo la Blue Band, nimetoboa matundu kwa msumari, ndani natia dagaa wa Mwanza. Mbwa anafungiwa ndani, naenda kulificha, chini ya karai, kwenye migomba, juu ya tairi, halafu namfungulia namwambia tafuta. Kelele ya ile pua jamani, fff fff fff, anafagia ardhi, anapita karibu anarudi, kichwa kinapinda ghafla kabla mwili haujajua, mkia unabadilika mdundo. Akilipata anajilaza chini, pua imeelekea kopo, hagusi. Hilo la kujilaza hatukumfundisha sisi, kuna mtu huko nyuma alimfundisha na sijui ni nani. Robo saa ya mchezo huo inamchosha kuliko alfajiri nzima ya kukimbia, analala mpaka anakoroma.

Midoli ya supamaketi usinunue, anaimaliza kabla hujatupa risiti. Sisi tuna kamba nene ya katani imefungwa mafundo pande mbili ya kuvutana, tuna gunia la zamani lililokunjwa na kushonwa, na mpira mgumu wa raba. Mipira ya tenisi daktari ametukataza, yale manyoya yake yanashika mchanga yanasaga meno kama… basi yanasaga meno, nimeona ya mbwa wa jirani yameisha yote mbele.

Akili nayo ni tatizo. Tulimtengenezea banda la kupumzikia kwa fundi wa kuchomelea, nondo na wavu, na komeo la kawaida la kusukuma pembeni. Siku ya tatu nimekaa jikoni nachambua mchele naona mbwa anapita mlangoni, amefungua, nikamrudisha nikajibanza kwenye dirisha nione anafanyaje. Anaingiza pua chini ya mpini wa komeo anaunyanyua, anaushika kwa meno ya mbele yale madogo kwa adabu kabisa, anasogea kinyumenyume. Fundi ilibidi aongeze pini ya kuchomeka. Banda lenyewe halifungwi kwa adhabu wala kwa kutwa nzima, ni mahali pake pa kulala mchana baada ya kazi, siku hizi anaingia mwenyewe.

Kulinda analinda, nisiwadanganye, ila sio vile mlivyozoea. Habwekibweki hovyo. Usiku anazunguka na mzee, mzee ndiye amempa hiyo kazi bila kuambiwa na mtu, kila baada ya muda wanapita ukuta mzima wawili hao, mbwa kushoto kwake bila kamba, halafu wanarudi kukaa kwenye moto. Akinyanyua kichwa na kusikiliza, mzee naye ananyanyua tochi. Tulipomchukua tulidhani tumemletea mzee msaidizi, kumbe tumemletea Shaba bosi, na nadhani bila mzee tungekuwa tunaandika rivyu nyingine.

Watoto. Wangu ni wa shule ya msingi na walikuwa wanakimbia uani wakipiga kelele kama kawaida ya watoto, Shaba akawa anawafuata anawagusa visigino kwa meno. Sio kwa hasira, ndiyo hiyohiyo ya mbuzi, ila meno ni meno. Kituo walishatuonya tukawafundisha watoto kabla, ukiona anakuja kwa kasi simama, mikono kifuani, tazama pembeni, usipige kelele, mchezo unaisha anaondoka. Imesaidia sana. Lakini kama una mtoto anayejifunza kutembea mimi nisingekushauri, hata kwa mbwa mpole wa aina hii, anakugonga tu akipita na ana kilo ishirini na kitu za misuli. Na wageni wa watoto wakija anawekwa ndani, sijali wanamjua au hawamjui. Pia kwenye karatasi za kituo kuna hili na nimelibandika ukutani jikoni: mtu aking'atwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna kupona. Watu bado wanapaka majani na mafuta ya taa, acheni.

Majirani nao ni sehemu ya kufuga, hasa mbwa wa ukubwa huu. Upande wa juu kuna bibi Mwislamu tunayemheshimu sana, mate ya mbwa kwake ni najisi, atakosa kuswali mpaka ajisafishe. Kwahiyo nilimfuata mapema nikampigia hodi, shikamoo bibi, nikamweleza tumeleta mbwa na atakuwa anapita na kamba upande wa pili wa barabara. Akaniambia mbwa wa kulinda kwenye dini hana ubaya, abaki tu asimlambe. Anamuita "askari wako". Kuna jirani mwingine hatujafikia huko, boda zinazokuja kwake Shaba anazitaka sana, chochote kinachokimbia na kinachounguruma kwake ni ng'ombe aliyetoroka.

Msosi: asitegemee mabaki. Nampikia ugali wa dona laini, dagaa, na mapupu au vichwa vya kuku vilivyosagwa kwenye mashine, karoti au matembele kidogo, mafuta kijiko. Chumvi hapana, vitunguu hapana kabisa, vitunguu kwa mbwa ni sumu vinaharibu damu, chokoleti pia. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Na hamli akishatoka kukimbia mpaka apumue kwanza, wala hakimbii akishakula, mbwa wenye kifua kirefu hivi tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota na likijisokota ni masaa tu. Gharama kwa mwezi inazidi ya koko wawili, nimeshafanya hesabu nikaacha maana mume anaweza kusoma.

Kupe ndio vita yetu ya kila masika. Majani yakipanda, kila jioni unapita na vidole, ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Wanaleta homa zile za kupe, mbwa ananyong'onyea ghafla, hataki kula, ufizi unakuwa mweupe, na kwa mbwa huyu siku akikataa kufanya kazi wewe usisubiri kesho, washa gari. Tunatumia vidonge vya kutafuna kutoka kwa daktari, ni ghali lakini vinafanya kazi. Wale wanaowaogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukadiria na kizibo, mbwa wanakufa kwa hiyo, tena mimi namjua aliyemuua wa kwake. Chanjo ya kichaa ni kila mwaka, na mwezi wa tisa karibu na tarehe 28 ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani fuatilieni matangazo ya idara ya mifugo, mara nyingi huwa wanachanja bure sehemu mbalimbali, huna sababu.

Mafunzo nayo niseme, kuna treina mmoja tulielekezwa, sitamtaja, alikuja na mnyororo wa kukaba na fimbo, akasema mbwa wa jeshi lazima umvunje kwanza. Akauvuta ule mnyororo mara moja, Shaba akalala chini akakojoa. Mzee ndiye aliyemsindikiza getini, mimi nilikuwa naogopa kufungua mdomo nisije nikasema ya kusema. Tumeendelea wenyewe kwa dagaa na mpira, na maelekezo ya wasapu kutoka kituoni, na ukweli mbwa huyu anafundishika kwa raha mno, kitu ukimwonyesha mara chache anacho, shida ni kwamba na makosa yako nayo anayashika hivyohivyo haraka. Nilimpa chapati mara moja tu mezani. Mara moja.

Sasa yangu na kituo. Simu hawapokei, unapiga mpaka unakata tamaa, halafu usiku wanakujibu wasapu aya tano. Kadi ya chanjo ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko ambao hata daktari wetu alishindwa kusoma tarehe, ikabidi nirudi kuulizia na aliyeandika naye hakuwepo. Wanafunga saa tisa na Jumapili hawafungui, sasa mtu wa kazini aende lini. Na kikubwa zaidi hawakutuambia kwamba Shaba anaogopa radi. Radi ya kwanza tuliyoisikia naye alipasua wavu wa dirisha akaingia chumbani kwangu akajibanza nyuma ya kabati, kutoka hakutoka mpaka asubuhi. Nilipowauliza wakasema alikuwa kwao kipindi cha kiangazi, hawakuiona. Sawa, inaingia akilini, lakini mbwa aliyekaa kwa watu wawili kabla, mngeuliza. Kwa hayo ndio nimepunguza nyota moja.

Nne nilizobakiza ni kwa sababu bado wananifuatilia. Mwezi wa pili walikuja bila taarifa, wakamwangalia mkia, manyoya yameota yote pale palipokuwa na kidonda, wakaangalia maji, wakaangalia meno, wakaondoka. Na yule koko mmoja kati ya wale wawili walinzi, shemeji yangu wa Sakina alimchukua kwa maneno yangu, ndiye mlinzi mliyekuwa mnamtafuta nyote mnaonijia inboksi, anabweka mpaka karatasi ikipita, anakula chochote na mchana analala chini ya mwembe. Mwenzake alikuwa bado yupo nilipoenda mara ya mwisho, dume, mweusi, sikio moja limelala. Nendeni katikati ya wiki asubuhi kabla ya saa nne, muda huo wameshamaliza usafi na yule dada anakuwa na nafasi ya kuongea, mvae viatu vya kufunga na suruali ambayo hamuionei huruma, na mkiulizwa urefu wa ukuta msikadirie, pimeni kabisa maana watakuja na futi yao.